Petroli Ipi Yafaa Motokaa ya Zamani?

(Maneno yaliyosemwa na mwanachama wetu, fundi wa karakana ya reli, mbele ya mkutano wa wafanyakazi na wastaafu wa Kisii na Nyamira.)



Nimeombwa na Halmashauri ya tawi niseme machache juu ya petroli. Huenda mtu akauliza, petroli na chama vina uhusiano gani? Vina uhusiano mkubwa. Reli haikufika Kisii wala Nyamira. Basi mwenzetu akistaafu, mara nyingi jambo la kwanza alifikirialo ni kununua motokaa kuukuu, apeleke ndizi soko la Daraja Mbili, au abebe watu wa Keroka na Nyamira. Fedha zile ni jasho la miaka mingi. Zikimalizikia kwenye tangi na kwa fundi, nyongeza yote tuliyoipigania itakuwa imepotea bure.

Ndugu mmoja wa kwetu ana pikapu ya Peugeot 504. Aliambiwa kwamba gari la zamani lilizoea petroli kali yenye risasi, kwa hiyo siku hizi lazima anunue ile petroli ya bei ya juu yenye jina la kujisifu. Anailipia kila wiki. Nguvu haikuongezeka, na mlima ni ule ule. Nataka tuone kama maneno aliyoambiwa ni kweli.

Kwanza, tufahamu maana ya okteni. Wengi hudhani okteni ni nguvu ya petroli. Sivyo. Okteni ni uvumilivu wake. Ndani ya silinda, petroli na hewa hubanwa na pistoni, kisha plagi huwasha moto. Petroli isiyo na uvumilivu hulipuka yenyewe kabla moto wa plagi haujaifikia, na injini hugonga kama mtu apigaye bati kwa nyundo. Injini ikigonga siku nyingi, pistoni hutoboka. Injini ibanayo sana yataka okteni kubwa. Injini ibanayo kidogo haina haja nayo.

Sasa tazameni motokaa za zamani. Volkswagen 1200 ya miaka ya 1960 hubana mara 7 tu, na nyingi za wakati ule ni kati ya 7 na 9. Huko Uingereza, tangu wakati wa vita mpaka 1953, watu waliuziwa aina moja tu ya petroli, na okteni yake ilikuwa kama 70. Super ya kawaida iuzwayo Kenya haipungui 93. Basi gari la mzee halikosi kitu hapo.

Tena sisi tuko juu. Kisumu ni karibu mita 1,130 juu ya bahari, mji wa Kisii ni karibu mita 1,700, na sehemu nyingi za Nyamira zimepita hapo. Hewa ya juu ni nyepesi, kwa hiyo silinda hupata hewa kidogo, na injini hugonga kwa shida zaidi kuliko Mombasa. Hewa hiyo hiyo ndiyo ifanyayo kabureta iliyotengenezwa kwa pwani itoe petroli nyingi kupita kiasi huku kwetu. Mkiona moshi mweusi na plagi zenye masizi, msiseme petroli ni mbaya. Mwiteni fundi aipime kabureta na kusafisha chujio la hewa.

Pili, ni habari ya risasi. Mwaka 1921 huko Marekani, Thomas Midgley wa kampuni ya General Motors aligundua kwamba dawa yenye risasi huzuia injini kugonga. Petroli hiyo ilianza kuuzwa 1923, ikaenea dunia nzima. Lakini risasi ni sumu, na huharibu akili za watoto wadogo. Kenya iliiacha kabisa mwanzoni mwa 2006, pamoja na nchi nyingine za Afrika kusini ya Sahara. Nchi ya mwisho duniani ilikuwa Algeria, mwaka 2021. Hilo lilikuwa jambo jema, wala tusiombe irudi.

Lakini risasi ilikuwa na kazi mbili. Ya kwanza ni kuzuia kugonga. Ya pili ni kupaka viti vya valvu ngozi nyembamba, ili valvu yenye moto isigandamane na chuma na kukimega. Hapa ndipo watu hudanganyika. Petroli ya bei ya juu hufanya kazi ile ya kwanza tu, ambayo gari la zamani halina haja nayo. Okteni hata ikifika 98 haiwi mafuta ya kiti cha valvu.

Basi muulizeni fundi swali moja: hedi ya injini ni ya chuma au ya alumini? Alumini ni laini, kwa hiyo viti vya chuma kigumu viliingizwa tangu kiwandani. Ndivyo zilivyo Volkswagen na Peugeot ya ndugu yetu; hana sababu ya kuogopa. Bali Morris Minor, na nyingine za hedi ya chuma cha kusubu, viti vyake vilichongwa katika chuma chenyewe. Hizo huliwa, hasa zikikimbizwa au zikibebeshwa mzigo mzito mlimani. Dalili ni nafasi ya tapeti kupungua kila ipimwapo. Ukiendesha polepole, hasara ni ndogo. Siku hedi itakapofunguliwa, tia viti vigumu, na jambo limekwisha. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Tatu, na hili ni kubwa kuliko yote, ni usafi wa petroli. Adui wa gari kuukuu ni mafuta ya taa yaliyochanganywa ndani. Hushusha okteni, huosha oili kwenye silinda, na hufanya injini iwe nzito kuwaka asubuhi ya baridi. Mwaka 2018 Serikali ilitoza mafuta ya taa ushuru wa shilingi 18 kwa lita ili kuwavunja nguvu wachanganyaji. EPRA, mamlaka ya nishati na petroli, hutia alama ya siri katika mafuta na kupima vituoni. Hata hivyo, nawe jilinde. Nunua kwenye kituo chenye wateja wengi, ambako petroli hailali. Dai risiti. Usinunue ya jerikeni kando ya barabara. Ukiwa na shaka, dondosha tone juu ya karatasi nyeupe, mbali na moto. Petroli safi hukauka bila alama. Yenye mafuta ya taa huacha doa.

Msiivute petroli kwa mdomo, wala msiiweke ndani ya nyumba. Lori la mafuta likianguka, kimbieni mbali nalo. Huko Sachangwan, Januari 2009, zaidi ya watu 100 walikufa kwa moto wakichota.

Ndugu zangu, kwa ufupi: nunueni super ya kawaida, iliyo safi, kwa bei isiyozidi ile itangazwayo na EPRA kila mwezi. Zile shilingi mtakazookoa kwa kuiacha ile ya kujisifu, nunueni mipira mipya ya petroli, kwa maana mpira uliopasuka juu ya injini ya moto huteketeza gari zima. Kisha pimeni tapeti. Na mwenzetu anayetaka kununua gari, asitoe fedha zake kabla fundi hajaitazama ile hedi. Tuko mafundi wa kutosha katika tawi hili. Atuite, tutakwenda naye bila malipo.