Kiti cha Pili



Juma lililopita tulitumwa Nairobi kwa kazi ya dayosisi, siku nne, bila mwenzetu hata mmoja. Mchana ulipita katika mikutano. Shida yetu ilikuwa saa ya kula. Nyumbani hatukuzoea kula peke yetu. Hata apitaye njiani huitwa aje anawe mikono.

Jioni ya kwanza tuliingia katika hoteli kubwa yenye vitambaa vyeupe mezani. Mhudumu akauliza, "Ni mmoja tu?" Tukaitikia. Akaondoa sahani ya pili, na uma na kisu chake, akaenda zake. Samaki alikuwa mzuri, lakini tulimla upesi kama anywaye dawa, macho yakiwa kwenye gazeti tulilokwisha kulisoma asubuhi. Jioni ya pili tulikwenda penye kuku na chipsi. Huko viti vinatazama ukuta, na kila mtu anakula na simu yake.

Wala hatukuomba, huku wala huku. Tuseme kweli: tuliona haya kuinamisha kichwa mbele ya watu, na kola ya uchungaji tulikuwa tumeiacha chumbani. Sisi hawa tunaowafundisha watoto wa kipaimara kushukuru kabla ya kula!

Siku ya tatu, adhuhuri, tulishuka River Road. Nairobi ilianza mwaka 1899 reli ilipofika kutoka Mombasa, na tangu hapo imejaa watu waliowaacha jamaa zao mbali. Hoteli ndogo za upande ule zinajua kuwalisha. Bei zimeandikwa ukutani: ugali na matumbo, githeri, chapati na maharagwe. Maji ya kunawa yako pembeni. Na meza si ya mtu. Penye nafasi unaketi.

Akaja mvuta mkokoteni, shati limelowa jasho, akaketi mbele yetu bila kuuliza. Sahani zikaletwa pamoja. Tukamega tonge. Akatutazama, akasema, "Mzee, utaomba wewe au niombe mimi?"

Mkono ukabaki hewani. Tukasema, "Omba wewe, ndugu yangu."

Akaomba maneno machache. Akamshukuru Mungu kwa ugali, kwa mikono iliyousonga, na kwa mzee huyu aliyemfanya leo asile peke yake. Nasi siku zote tatu tulidhani mpweke ni sisi tu! Mkewe na watoto wako Kitui, huwaona Krismasi na Pasaka. Akauliza kazi yetu. Tulitaka kusema karani, tukasema kweli. Akacheka mpaka watu wakageuka. "Basi, pasta, nimekunyang'anya kazi!"

Luka 24 tumeihubiri mara nyingi. Kule Emau aliyeutwaa mkate na kuubariki alikuwa mgeni, si wale waliomkaribisha. Neno hilo hatukupata kuliangalia vema mpaka siku ile.

Siku ya nne tulirudi pale pale, kola shingoni, tukaketi meza ile ile. Sahani ikaletwa, tukangoja. Hakuja. Akaingia kijana mwenye bahasha ya vyeti mkononi, vumbi limemjaa viatuni, akakitazama kile kiti, akauliza kama kina mtu.

"Keti, mwanangu," tukamwambia. "Hatujaomba bado."