BAISKELI ISIYOTOKA CHUMBANI: NAMNA YA KUICHAGUA NA KUITUMIA
Maelezo yaliyotolewa mbele ya mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani, pamoja na wanafunzi wa sasa



Kamati imenitaka nieleze kwa ufupi juu ya mashine za kukanyagia baiskeli ndani ya nyumba, zile zinazounganishwa na simu au kompyuta. Sababu mnaijua. Kuna pendekezo mbele yenu kwamba sehemu ya michango yetu ya mwaka huu inunue mashine moja ya namna hiyo kwa ajili ya shule. Baadhi ya wenzetu wamelipokea kwa furaha, wengine wamecheka. Nitaeleza mashine yenyewe ni kitu gani, ichaguliwe vipi na itumiwe vipi, kisha nitatoa maoni yangu juu ya pendekezo. Natangulia kusema kwamba sikutumwa na mwenye duka yeyote.

Nianze na waliocheka, maana wana hoja. Wanasema, mtu wa Sindeni anayepeleka gunia la mkaa Handeni mjini kwa baiskeli ana haja gani ya baiskeli isiyokwenda popote? Jawabu ni kwamba hana haja nayo hata kidogo. Mazoezi yake anayapata barabarani, tena kupita kiasi. Mwenye haja ni mimi na wengi wenu mlioketi viti vya mbele. Tunaingia ofisini saa moja na nusu asubuhi, tunakaa kitini mpaka saa tisa na nusu, tunarudi nyumbani kwa gari, tunakaa tena. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, limeshauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na kijana wa umri wenu, wadogo zangu, apate dakika 60 kila siku. Kila mmoja ajipime mwenyewe. Katika orodha ya wenzetu waliotangulia mbele ya haki, ambayo Katibu huisoma kila mwaka, wamo waliokwenda kwa shinikizo la damu na kisukari kabla ya kufika umri wa kustaafu. Kwa hiyo jambo hili si la mzaha.

Mtu ataniuliza, kwa nini basi tusiendeshe barabarani? Panapowezekana, tuendeshe. Kutoka Korogwe mpaka Handeni ni kilometa 65 hivi za lami, na asubuhi na mapema ni njia nzuri. Lakini barabara kuu inayopita Segera na Korogwe kuelekea Moshi inajaa mabasi na malori ya masafa marefu, na mwendesha baiskeli husukumwa hadi nje ya lami. Wenzetu walioko Dar es Salaam wana hali ngumu zaidi. Tena muda tulio nao ni ule wa kabla ya mapambazuko au baada ya magharibi. Hapo ndipo mashine hii inapopata kazi.

Mashine yenyewe

Wenzangu wa rika langu mtaielewa upesi, kwa sababu wote tumepata kuendesha baiskeli yenye dinamo. Mnakumbuka kwamba ukiiegemeza dinamo kwenye tairi, taa inawaka, lakini pedeli nazo zinakuwa nzito. Umeme haukuja bure, ulitoka miguuni. Mashine hii, ambayo wengi huiita treina, ina gurudumu zito la chuma linalozungushwa na miguu yako, na karibu yake kuna sumaku. Sumaku zikitiwa nguvu, gurudumu huwa gumu kuzunguka. Zikilegezwa, huwa jepesi. Ile inayoitwa treina janja huamriwa na programu iliyomo kwenye simu au kompyuta. Programu ikionyesha mlima, pedeli zinakuwa nzito. Ikionyesha mteremko, zinalegea. Wakati huohuo inapima nguvu yako kwa wati, mapigo ya moyo kama umevaa kipimo chake, na kasi ya miguu.

Ziko za aina tatu. Ya kwanza hubana gurudumu la nyuma la baiskeli yako na kulikandamiza juu ya roli. Hii ni rahisi kwa bei, lakini hula tairi, hupiga kelele, na kipimo chake cha wati hupotoka zaidi. Ya pili hutaka uondoe gurudumu la nyuma kabisa, mnyororo upite juu ya gia zilizo kwenye mashine yenyewe. Hii ni tulivu, na zilizo nzuri hupima kwa kosa la asilimia 1 hadi 3 tu. Ya tatu ni baiskeli nzima iliyotengenezwa kwa kazi hiyo tu. Bei ya hii ya tatu hufika maelfu ya dola, nami siioni kuwa ni ya watu wa mishahara yetu.

Namna ya kuchagua

Kwanza, tazama baiskeli uliyo nayo. Ile baiskeli yetu ya kawaida ya breki za fito na gia moja, iliyofungwa habu kwa nati, haiingii katika mashine ya aina ya pili. Habu yake ni nyembamba, mnyororo wake ni mpana, na hata roli za aina ya kwanza nyingi hazikutengenezwa kwa tairi lake. Unahitaji baiskeli ya gia. Pima upana wa foki ya nyuma na uangalie namna ekseli inavyofungwa kabla hujalipa hata senti.

Pili, tazama uzito unaoruhusiwa. Nyingi zimeandikwa kikomo cha kilo 115 au 120. Nimewatazama wenzangu leo, na nadhani shauri hili si la kupuuza.

Tatu, fikiria umeme. Nyingi huchomekwa ukutani, na umeme ukikatika haziwezi tena kubadili uzito wa pedeli. Zipo chache zinazojitengenezea umeme wake kutokana na mwendo wako. Hizo ni ghali zaidi, lakini kwa mtu wa Handeni au Korogwe bei hiyo ina sababu.

Nne, hesabu ada. Programu ya Zwift, iliyoanza kutumika mwaka 2014 na yenye watu wengi kupita nyingine, hulipiwa kila mwezi kwa dola. MyWhoosh, yenye makao yake Abu Dhabi, haina ada, na ndiyo iliyotumika katika mashindano ya dunia ya baiskeli za ndani ya mwaka 2024. Mtu anayenunua mashine bila kuhesabu ada na bando la intaneti ataiona imegeuka kutundikia nguo.

Namna ya kutumia

Mwenye umri wa miaka arobaini na zaidi, na yeyote mwenye shinikizo au kisukari, aanze kwa daktari. Kisha atafute feni. Barabarani upepo hukupoza. Chumbani hakuna upepo, na Korogwe ni bondeni, joto lake mnalijua. Bila feni, maji ya kunywa na taulo, dakika 20 zitakushinda, nawe utadhani ni uzee.

Halafu jipime. Baada ya kupasha mwili moto, kanyaga kwa dakika 20 kadiri unavyoweza kudumu bila kupunguza, uchukue wastani wa wati na kuutoza asilimia 5. Aliyepata 160 kikomo chake ni 152. Hicho ndicho kipimo cha kupangia kazi. Mazoezi mepesi ya kujenga moyo yawe kati ya asilimia 56 na 75 ya kikomo hicho, yaani wati 85 hadi 114 kwa mtu huyo. Hapo unapaswa kuweza kuzungumza. Sehemu kubwa ya mazoezi iwe hapo. Siku moja katika wiki inatosha kwa vipande vifupi vya kazi ngumu karibu na kikomo. Siku tatu za dakika 40 na siku moja ya dakika 30 hutimiza zile dakika 150. Wengi huharibu kwa kufanya kila siku kuwa siku ya mashindano. Baada ya wiki tatu magoti yanauma, mashine inafunikwa shuka.

Kwa wadogo zangu

Ninyi mtaona faida nyingine. Mashine hii ni somo la fizikia. Uniti moja ya LUKU ni kilowati moja kwa saa moja. Kijana anayekanyaga kwa wati 150 bila kupumzika atahitaji saa 6 na dakika 40 kufanya kazi ya uniti moja. Akishaona hivyo hataiacha taa ikiwaka bwenini mchana. Kutoka Mombo kupanda Lushoto ni karibu mita 1,000 kwenda juu. Mtu na baiskeli yake wakiwa kilo 85, kwa wati 140, kule kupanda peke yake ni saa moja na dakika 39, kabla ya kuhesabu upepo na msuguano. Hesabu hiyo ifanyeni wenyewe.

Tena yuko Jay Vine wa Australia. Mwaka 2020 alishinda mchujo uliofanywa kwa programu ya Zwift, na kwa njia hiyo akapata mkataba katika timu ya kulipwa. Mwaka 2022 alishinda hatua mbili za mbio za Hispania. Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli yalifanyika Afrika kwa mara ya kwanza, hapa jirani Kigali, naye alikuwa wa pili katika mbio za mmoja mmoja dhidi ya saa. Mashine haikumpa miguu. Ilimwonyesha kwa watu wasiomjua.

Maoni yangu

Ndugu Mwenyekiti, nakuja kwenye pendekezo. Sishauri shule inunue mashine hii kwanza. Mashine moja hukaliwa na mtu mmoja, na treina ya aina ya pili, hata ya bei ya chini, pamoja na baiskeli ya gia ya kuifunga, ni fedha zinazoweza kununua baiskeli za kawaida kadhaa. Wapo wanafunzi wa kutwa wanaotembea mwendo mrefu kuja darasani. Hao ndio wapewe kwanza, pamoja na pampu, spoki na vipuri, na mwalimu wa kusimamia.

Kitakachobaki kinunue treina moja, isiyohitaji ada, iwekwe maabara ya fizikia chini ya daftari la zamu. Endapo hakitatosha, sisi tulio mijini tunaotaka mashine kwa afya zetu tununue kwa fedha zetu, na zile tutakazozichoka tuzilete hapa zikiwa bado nzima.

Naliweka hilo mbele ya mkutano ili lijadiliwe na kuamuliwa leo, kabla Mweka Hazina hajafunga kitabu.