Bahasha ya Kaki: Mhadhara kuhusu Diski za Kiuno



Siku hizi mgonjwa wa kiuno haanzi kwa kusema anaumwa wapi. Anakabidhi bahasha ya kaki. Mmoja wao alikuwa mpakiaji wa magunia, miaka thelathini na minane. Hata hajaketi, ameshachomoa picha ya MRI. "Dokta, nimeambiwa diski imetoka."

Tuanzie kwenye kitenzi hicho. Diski haitoki kama mnyororo wa baiskeli; imegandamana na pingili ya juu na ya chini. Tunazo 23, na kila moja ni pete ya nyuzi zilizopishana tabaka kwa tabaka, kama msuko wa ukili, katikati mna ute mzito. Pete ikichanika, ute hupenya nyuma. Ukiugusa mzizi wa neva, maumivu hushuka takoni, pajani, hadi chini ya goti, na chafya moja tu inamtoa mtu machozi. Mwaka 1934 Mixter na Barr, madaktari wa Boston, walionyesha kwamba vinundu vingi vilivyokuwa vikidhaniwa kuwa uvimbe wa kawaida vilikuwa vipande vya diski. Tangu hapo upasuaji ukapata hoja, na pengine ukajiamini kupita kiasi.

Mpakiaji yule nilimlaza, nikamwinua mguu wa kushoto goti likiwa limenyooka. Haukufika nusu, akashika ukingo wa kitanda. Nikamwambia ainue kidole gumba cha mguu dhidi ya mkono wangu. Kilikuwa na udhaifu kidogo. Hayo mawili yaliniambia mengi kuliko bahasha. Mwaka 1994 watafiti wa Marekani walichapisha picha za watu 98 wasioumwa mgongo hata kidogo, na asilimia 52 walikutwa na diski iliyotuna walau mahali pamoja. Kwa hiyo picha isiyolingana na mguu haina la kunishauri.

Tupasue, basi? Mwili una wafagizi wake. Chembe za kinga hukivamia kipande kilichopenya na kukila kidogokidogo, na ajabu ni kwamba kipande kikubwa kilichochomoza kabisa ndicho huelekea kuyeyuka zaidi kuliko kituno kidogo. Daktari Weber wa Norway aliwafuatilia wagonjwa 126, na mwaka 1983 akatoa majibu: baada ya mwaka mmoja waliopasuliwa walikuwa na nafuu zaidi, baada ya miaka kumi, hakuna tofauti. Uholanzi, mwaka 2007, wagonjwa 283 walitoa picha inayofanana: upasuaji wa mapema uliharakisha nafuu, ila mwisho wa mwaka makundi yote mawili yalikuwa pamoja. Lakini asilimia 39 ya walioambiwa wasubiri walishindwa, wakapasuliwa.

Yaani kisu kinanunua muda. Silidharau hilo: anayelipwa kwa gunia, miezi mitatu ni karo na kodi ya nyumba. Dawa za maumivu, kutembea, mazoezi ya tiba na, kwa wengine, sindano ya steroidi kando ya neva humsogeza mtu mbele wakati wafagizi wakifanya kazi. Kulala kitandani wiki nzima humdhoofisha tu.

Kuna hali moja isiyosubiri. Ganzi ikiingia sehemu za siri na pale panapogusa kiti, mkojo ukagoma, au miguu yote miwili ikalegea, nenda hospitali usiku huohuo. Mimi mwenyewe nimewapokea waliokandwa kwa siku nne kwanza. Mguu ulirudi, kibofu hakikurudi.

Mpakiaji wangu alichagua kusubiri, kwa sharti kwamba kidole kikizidi kulegea arudi mara moja. Wiki ya kumi na moja aliingia akitembea wima, mikono mitupu. Nikamuuliza bahasha iko wapi. Mkewe, akasema, anawekea vyeti vya watoto.