Mvua Imefika Kwenu?

Somo: Mathayo 5:43-48

 

Huku kwetu Chepsaita, upande wa Turbo katika Kaunti ya Uasin Gishu, kiangazi kinaelekea mwisho wake. Alfajiri baridi yauma vidole. Mchana jua lachoma, na upepo wainua vumbi katika mashamba yaliyokwisha kulimwa. Akina mama wanamwagilia vitalu vya sukuma wiki kwa maji yaliyooshewa vyombo, na kuvifunika kwa nyasi kavu. Mbegu za managu na saga zimefungwa fundo katika kitambaa, zangoja siku yake. Kila jioni macho yetu sote yaelekea mawinguni. Maana sehemu hizi zina msimu mmoja tu wa mahindi kwa mwaka. Twapanda mwisho wa Machi au mwezi wa Aprili, nasi twavuna kuanzia Oktoba. Akosaye wakati wa kupanda hana msimu wa pili wa kujaribu tena.

Kwa hiyo majuma haya salamu zetu zina nyongeza moja. Baada ya "Chamgei", baada ya "Mulembe", baada ya "Wi mwega", lafuata swali lile lile: "Mvua imefika kwenu?" Naye jirani ajibu akiwa upande wake wa ua, "Bado, mama. Ilipita ng'ambo ya mto, sisi ikatuachia upepo tu." Au asema, "Jana tumepata kidogo, imelaza vumbi."

Mgeni akisikia hivyo aweza kudhani ni maneno ya kupitisha wakati. Sivyo. Mvua za kwanza huja kwa mapande. Kilima hiki chapata, kilima cha pili chabaki kikavu. Ukipanda kwa manyunyu ya kwanza, mbegu yaweza kuota kisha ikanyauka kwa kukosa mvua ya pili. Ukichelewa mno, umejipunguzia mavuno. Na fedha iliyonunua mbegu na mbolea ni ile ile iliyotakiwa kwa unga na ada ya shule. Ndiyo maana twaulizana. Mmoja achimba kwa jembe na kusema, "Kwangu unyevu umeingia kina cha kiganja." Mwingine asema, "Sisi tutangoja hadi Jumamosi." Hivyo alilolijua mmoja lawasaidia wengi.

Hebu sasa tuliangalie somo letu. Bwana Yesu awafundisha wanafunzi wake habari ya kuwapenda adui zao, na mfano anaowapa ni wa hali ya hewa. Asema kwamba Baba yetu wa mbinguni hachagui shamba. Jua lake humwakia mwema na mbaya, na mvua yake humfikia mwenye haki na asiye haki. Maneno hayo, ya mstari wa 45, twayajua sana. Lakini tusome mbele kidogo, hadi mstari wa 47. Hapo Bwana auliza: mkiwasalimu watu wa kwenu peke yao, mmefanya jambo gani la kuwapita wengine?

Tazameni, wapendwa. Mvua na salamu vimewekwa katika fundisho moja. Mungu hunyesha bila kuuliza jina la ukoo wala kabila la mwenye shamba. Nasi twaambiwa tusalimu vivyo hivyo. Kumbe yule anayeuliza kwa moyo safi, "Mvua imefika kwenu?", amekwisha kuingia katika fundisho la Bwana. Anamtakia jirani yake kile anachojitakia mwenyewe.

Sisi wa Uasin Gishu twajua inakuwaje salamu zinapokatika. Baada ya uchaguzi wa tarehe 27 Desemba 2007, kiangazi kile kiligeuka kuwa kiangazi cha damu. Tarehe 1 Januari 2008, huko Kiambaa karibu na Eldoret, kanisa lilichomwa moto pamoja na watu waliokimbilia humo, wengi wao wanawake na watoto. Katika nchi nzima watu zaidi ya 1,100 waliuawa, na mamia ya maelfu waliyaacha makao yao. Mahindi yaliyovunwa yaliteketea ghalani. Watu waliokuwa wakikopeshana jembe walilala katika mahema kwenye uwanja wa maonyesho wa Eldoret.

Tarehe 28 Februari viongozi wetu, Mheshimiwa Mwai Kibaki na Mheshimiwa Raila Odinga, walitia sahihi mapatano, Bwana Kofi Annan akiwa mpatanishi. Kisha msimu ukageuka kama kawaida yake. Mvua ilinyesha juu ya shamba la aliyebaki na shamba la aliyekimbia. Juu ya nyumba iliyosimama na juu ya majivu. Mungu alikuwa mwaminifu kwa neno lake. Lakini mashamba mengi yalipata mvua bila kupata mbegu, na penye ua hapakuwa na mtu wa kuulizwa, "Imefika kwenu?" Mvua peke yake haitoshi kuleta mavuno, ndugu zangu. Yahitaji amani ya watu wanaoipokea.

Iko desturi ya zamani katika Kanisa la Uingereza ambayo yaweza kutufundisha. Kule, baridi kuu ikiisha na miti kuchipua, katika siku zile zinazotangulia Sikukuu ya Kupaa kwake Bwana, Wakristo walitoka kanisani wakaizunguka mipaka ya parokia yao wakiomba juu ya mashamba. Padre George Herbert, aliyechunga parokia ndogo ya mashambani kuanzia mwaka 1630 hadi alipofariki mwaka 1633, aliipenda sana desturi hiyo. Katika kitabu chake juu ya kazi ya mchungaji wa shamba alieleza mema manne yanayopatikana humo. Huku kwetu siku hizo huangukia wakati mahindi yanapochipuka au yanapopaliliwa, kwa hiyo mema hayo yatufaa kabisa.

La kwanza ni kuomba baraka ya Mungu juu ya mazao. Tusione aibu kuomba mvua. Twaisikiliza Idara ya Hali ya Hewa, nasi twafanya vema. Lakini mtabiri wa mvua siye mtoaji wake. Tena tunapoomba, tusiseme "shamba langu" peke yake. Tulitaje na la jirani.

La pili ni haki juu ya mipaka. Wakati wa kulima ndio wakati ambapo jiwe la mpaka huhama usiku. Hatua moja ya udongo imewatenga ndugu wa tumbo moja hata wasizikane. Mkristo na aizunguke mipaka yake mchana, pamoja na jirani yake, mbele ya wazee, na asichukue hata mtaro mmoja usio wake.

La tatu ni upendo wa kutembea pamoja, na kupatana kwa waliokosana. Labda ng'ombe wa jirani alivunja ua akala mboga zako zote. Labda kuna deni la gunia moja tangu mwaka juzi. Sasa mwapishana njiani kama mawe. Hatusemi ng'ombe hakukosa, wala hatusemi deni lifutwe. Twasema anza na salamu. Tena kunyamaziana kuna hasara yake. Mwaka 2017 viwavijeshi wapya walipoingia katika mahindi ya nchi yetu, twajifunza kwamba kipepeo wake huruka usiku kutoka shamba hili hadi lile, wala hajui ua ni nini. Mwenye kuwaona kwanza akanyamaza kwa sababu hasemi na jirani, hakumkomoa jirani. Aliwafuga wadudu kwa ajili ya wote wawili. Bali aliyeita, "Njoo uone, angalia na kwako," alilinda mashamba mawili kwa neno moja.

La nne ni huruma kwa maskini. Mvua ikianza, njaa haiishi siku hiyo. Mei, Juni na Julai ni miezi migumu: shamba ni kijani kibichi, na ghala ni tupu. Yuko mjane ambaye udongo wake umelowa vizuri, lakini hana mbegu ya kutia humo. Kumwuliza huyo kama mvua imefika kwake, kisha kwenda zetu, ni salamu isiyo na mikono. Managu huota upesi. Mbegu za kushika kwa vidole vitatu zatosha kitalu kizima, na baada ya majuma machache watoto wapata mboga. Anayeweza kutoa saa mbili za jembe na atoe. Anayeweza kutoa kilo mbili za mbegu na atoe, tena kabla hajaombwa.

Basi, ndugu wasikilizaji, juma hili kabla mawingu hayajafunguka, kila mmoja wetu amtafute mtu mmoja ambaye hatujamsalimu siku nyingi. Twende hadi penye ua. Tusianze na kesi. Tuanze na mvua. Yesu Kristo hakungoja tumsalimu kwanza. Tulipokuwa mbali alitujia, akaubomoa ukuta uliotutenga kwa msalaba wake, kama Mtume Paulo anavyowaeleza Waefeso katika sura ya pili. Yeye aliyetujia hivyo aweza kutupa neno la kwanza la kumwambia jirani.

Na tuombe.

Ee Baba, Bwana wa majira yote, twakushukuru kwa kiangazi na kwa masika. Utunyeshee mvua kwa wakati wake na kwa kiasi chake. Uwakumbuke wasio na mbegu, na wale ambao bado wanaomboleza wapendwa wao waliopotea mwaka 2008. Ulainishe mioyo yetu kama unavyolainisha udongo, ili tusalimiane kama watoto wa Baba mmoja. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.