Kuvunja Sheria kwa Dhamiri Safi



Tunaulizwa: je, mcha Mungu aweza kuvunja sheria? Tukumbuke Saba Saba. Tarehe 7 Julai 1990 wananchi walielekea Kamukunji, kwenye mkutano ulionyimwa leseni. Sheria hiyo ya leseni tuliirithi kwa mkoloni. Ilimlazimu raia kuomba ruhusa ndipo aseme. Mwaka 1997 Bunge lenyewe liliiondoa leseni, ikabaki kuwaarifu polisi tu. Je, waliotangulia mwaka 1990 walikosa? Hatudhani.

Lakini tusijidanganye: si kila aasiye ana haki. Aivunjaye sheria dhalimu na aivunje mchana, bila silaha, akiwa tayari kufungwa. Arushaye jiwe kisha akatoroka amejificha nyuma ya haki; hakuitetea.