Kuvunjika na Kuungana Upya: Njia ya Kuingilia Historia ya China kwa Anayeanza



Anayefungua kitabu cha historia ya China kwa mara ya kwanza hukutana na orodha: Shang, Zhou, Qin, Han, Tang, Song, Yuan, Ming, Qing. Akishaikariri, huondoka na picha moja kichwani, kwamba China ni nchi iliyokaa vilevile kwa miaka 5,000, koo za wafalme zikipokezana kiti. Nawaomba tuiweke picha hiyo pembeni. Nchi hii imesambaratika mara nyingi. Utawala wa Han ulipoanguka mwaka 220 B.K., nchi haikuunganishwa tena kwa kudumu hadi mwaka 589. Dola la Roma ya magharibi nalo lilivunjika katika kipindi hichohicho, na halikurudi tena. China ilirudi, ikavunjika tena, ikarudi tena.

Kwa hiyo mada yangu inafuata swali moja: vipande hivi vilikuwa vinaunganishwa na nini? Majeshi yalikuwapo, bila shaka, lakini majeshi yalikuwapo kila mahali duniani. Naamini jibu liko zaidi kwenye maandishi, kwenye kumbukumbu, na kwenye watu waliosomeshwa kuzitunza.

Mto na udongo

Tuanze na ardhi. Mto Huang He, yaani Mto wa Njano, unapita kwenye nyanda za juu zenye udongo laini unaolimika hata kwa jembe la mti. Ndiyo maana wakulima wa kale walistawi huko, wakipanda nafaka ndogondogo za jamii ya ulezi. Lakini udongo huohuo humomonyoka kirahisi na kuingia mtoni. Mto ukifika tambarare hupoteza kasi na kuuacha udongo utulie chini, kitako cha mto kikainuka. Watu huongeza tuta, kitako kinainuka tena, hadi inafika mahali mto unapita juu zaidi ya mashamba na vijiji vilivyo kando yake. Tuta likipasuka, maji hushuka kama kutoka darini. Mwaka 1855 mto uliacha njia yake kabisa, na mdomo wake ukahama kutoka kusini mwa rasi ya Shandong hadi kaskazini yake.

Wapo wasomi waliodai kwamba mto huu peke yake ndio uliozaa serikali kuu yenye nguvu. Dai hilo limepita kiasi, kwa sababu kazi nyingi za maji zilifanywa na vijiji na wakuu wa maeneo. Jambo la hakika ni kwamba mtawala alihukumiwa kwa matuta na maghala. Watu wa Zhou, walioiangusha Shang karibu mwaka 1046 K.K., walieleza ushindi wao kwa kusema kwamba Mbingu humpa mtawala idhini, na humnyang'anya akiwa dhalimu. Tangu hapo, mafuriko na njaa vikifuatana, wananchi waliweza kuuliza kama idhini bado ipo. Ni wazo lililompa nguvu mfalme, na pia lililompa sababu yule anayetaka kumwondoa.

Mifupa ya Anyang

Mwishoni mwa karne ya 19, maduka ya dawa za asili nchini China yalikuwa yakiuza mifupa ya zamani iliyoitwa mifupa ya joka. Ilisagwa, mgonjwa akanywa. Mwaka 1899 ofisa msomi wa Beijing, Wang Yirong, alitambua kwamba baadhi ya mifupa hiyo ilikuwa na maandishi. Chanzo chake kilifuatiliwa hadi karibu na mji wa Anyang, na uchimbaji wa kitaalamu ulianza mwaka 1928. Hapo ndipo ulipokuwa mji mkuu wa mwisho wa wafalme wa Shang.

Mifupa ile ilikuwa ya kupigia ramli. Mfalme alikuwa na swali, swali likaelekezwa kwenye mfupa wa bega la ng'ombe au gamba la kobe, mfupa ukachomwa kwa moto hadi ukatoa nyufa, nyufa zikasomwa. Kisha swali lenyewe, na wakati mwingine kilichotokea baadaye, vikachongwa pembeni. Mfalme Wu Ding, aliyetawala karibu mwaka 1200 K.K., aliuliza juu ya mvua, mavuno, vita, hata maumivu ya jino. Aliuliza pia kama mkewe, Fu Hao, atajifungua salama. Ramli ilitaja siku za heri. Mama alijifungua siku nyingine, na mchongaji akaandika kwamba haikuwa heri: mtoto alikuwa wa kike.

Fu Hao huyohuyo anatajwa kwenye mifupa akiongoza majeshi. Kaburi lake liligunduliwa mwaka 1976 likiwa halijaibiwa, ndani yake mkiwa na mamia ya vyombo vya shaba nyeusi na maelfu ya simbi. Kwa hiyo tunamwona mwanamke jemadari na tunaona binti akipokewa kama mkosi, katika nyumba moja. Anayesoma historia hii asikubali kuambiwa upande mmoja tu.

Maandishi yale ya mifupani ndiyo mzazi wa maandishi ya Kichina ya leo. Kila alama hubeba neno au sehemu ya neno, na faida yake kwa utawala ilikuwa kubwa: mtu wa Beijing na mtu wa Guangzhou, ambao kila mmoja akisema lugha ya kwao hawaelewani, wangeweza kusoma waraka mmoja. Korea, Japani na Vietnam nazo ziliyatumia maandishi hayo kwa karne nyingi.

Qin iliyokufa, zana zikabaki

Mwaka 221 K.K. mfalme wa Qin alimaliza kuzishinda dola nyingine na kujitwalia cheo kipya cha kaizari. Ndiye Qin Shi Huang, ambaye jeshi lake la askari wa udongo liligunduliwa mwaka 1974 na wakulima waliokuwa wakichimba kisima karibu na Xi'an. Askari wale wanastahili kutazamwa, lakini kazi yake kubwa ni nyingine. Alisanifisha maandishi, mizani, vipimo na hata upana wa ekseli za magari ili yapite njia moja. Alifuta tawala za kurithi mikoani na kuweka maofisa wanaoteuliwa na kufukuzwa.

Sheria zake zilikuwa kali mno. Mwaka 209 K.K., mvua kubwa ilikata barabara na kundi la wakulima waliokuwa wakipelekwa kulinda mpaka likachelewa. Masimulizi ya kale yanasema adhabu ya kuchelewa ilikuwa kifo, na adhabu ya kuasi nayo ilikuwa kifo. Viongozi wao, Chen Sheng na Wu Guang, wakaamua kuasi. Walishindwa, ila moto waliouwasha haukuzimika, na mwaka 206 K.K. Qin ilikuwa imekwisha. Aliyeibuka mshindi, Liu Bang, alikuwa mtu wa familia ya kawaida. Alianzisha utawala wa Han, akalegeza sheria, lakini maandishi, mikoa na maofisa wa Qin hakuvitupa. Hapa ndipo naona mfano bora wa swali letu: ukoo ulikufa ndani ya miaka 15, zana zake zikaishi zaidi ya miaka 2,000.

Mwanahistoria na adhabu yake

Masimulizi hayo tunayapata kwa Sima Qian, mwanahistoria wa kasri ya Han. Mwaka 99 K.K. jemadari Li Ling alishindwa vitani na kutekwa. Sima Qian alimtetea mbele ya kaizari, na utetezi ule ukahesabiwa kosa la kustahili kifo. Mtu wa hali yake aliweza kujikomboa kwa fedha, ambazo hakuwa nazo, au kwa kukubali kuhasiwa. Watu wa heshima wa zama zile walitarajiwa kujiua kuliko kuishi na fedheha hiyo. Yeye alichagua kuishi, na katika barua kwa rafiki yake alieleza sababu: kitabu alichokianza baba yake kilikuwa hakijakamilika.

Alikikamilisha, sehemu 130. Hakuandika wafalme peke yao. Aliandika wafanyabiashara, wauaji wa kukodiwa, wachekeshaji wa kasri, na Chen Sheng yule mkulima. Baadaye ikawa desturi kwamba ukoo mpya ukishika nchi huandika historia rasmi ya ukoo uliotangulia. Hata wavamizi waliifuata. Wamongolia walipoitawala China waliandikisha historia ya Song waliyoiangusha, na Wamanchu wa Qing walikamilisha ile ya Ming mwaka 1739. Kwa kuandika hivyo, mvamizi alijiweka mwenyewe katika mstari uleule, akakubali kupimwa kwa kipimo kilekile.

Mtihani

Baada ya utawala wa Sui kuunganisha nchi mwaka 589, mambo mawili yaliishikilia. La kwanza ni Mfereji Mkuu, uliobeba mchele wa bonde la Yangtze kwenda kulisha miji mikuu ya kaskazini. La pili ni mitihani ya kuingia utumishi wa serikali, iliyokua chini ya Tang na kupevuka chini ya Song, kuanzia mwaka 960.

Sisi tuliofanya mitihani ya taifa kwa namba badala ya majina tutashangaa kuona Song walikwisha kufika hapo. Jina la mtahiniwa lilifunikwa. Kisha makarani walinakili karatasi nzima upya, ili msahihishaji asiutambue hata mwandiko. Masomo yalikuwa vitabu vya kale, hasa vile vya mafundisho ya Confucius (551–479 K.K.), aliyesisitiza kwamba kutawala ni kazi ya maadili, na maadili huanzia nyumbani, kwa mtoto kumheshimu mzazi. Wanawake hawakuruhusiwa, na mtoto wa maskini alipata tabu kumudu miaka mingi ya kusoma. Hata hivyo maelfu ya familia nchi nzima zilisomesha vijana wao vitabu vilevile kwa tumaini lilelile. Ukoo wa kifalme ulipoanguka, familia hizo hazikuanguka nao. Mtawala mpya aliyehitaji watoza kodi na mahakimu aliwakuta tayari.

Zama za Song ndizo ningemshauri anayeanza akae nazo kwa muda. Serikali ilitoa noti za karatasi tangu mwaka 1024. Bi Sheng alitengeneza herufi za udongo za kuchapia katika miaka ya 1040. Dira ilitumika baharini, na baruti vitani. Mbegu ya mpunga wa muda mfupi kutoka Champa, katika Vietnam ya leo, ilisambazwa kwa wakulima kuanzia mwaka 1012, na idadi ya watu ikafikia kama milioni 100.

Bahari inayotugusa

China haikujifungia wakati wote. Ubuddha uliingia kutoka India. Mtawa Xuanzang alikwenda huko katika karne ya 7 na kurudi na mamia ya vitabu. Waislamu walikuwa na misikiti katika bandari za Guangzhou na Quanzhou. Msafiri Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331, anasimulia baadaye juu ya bandari hiyo ya Quanzhou. Bahari ni ileile, na mizigo ilizunguka humo. Vigae vya kaure ya China vimechimbuliwa Kilwa na Gedi, na kwenye makaburi ya nguzo ya Kunduchi, hapa Dar es Salaam, wajenzi walipachika vyombo vya kaure kwenye nguzo zenyewe. Kutazama nguzo hizo ni somo lisilohitaji kitabu.

Kati ya mwaka 1405 na 1433 Zheng He, Mwislamu wa Yunnan na towashi wa kasri ya Ming, aliongoza safari saba za majahazi makubwa, na baadhi ya meli zake zilifika pwani ya Afrika Mashariki. Mwaka 1415 ujumbe wa Malindi ulimpelekea Kaizari Yongle twiga, ambaye maofisa walimchukua kuwa mnyama wa heri wa hadithi zao. Safari hizo zilisimamishwa kwa gharama zake na kwa hofu ya mpaka wa kaskazini, ambako Ming baadaye walijenga sehemu kubwa ya Ukuta Mkuu tunaouona leo.

Karne ngumu

Waingereza walipokuwa wakiingiza afyuni ya India nchini China, ofisa Lin Zexu aliteketeza zaidi ya makasha 20,000 mwaka 1839. Vita vilivyofuata viliishia kwenye Mkataba wa Nanjing wa 1842: Hong Kong ikachukuliwa, bandari tano zikafunguliwa kwa nguvu. Uasi wa Taiping (1850–1864) uliua watu wasiopungua milioni 20. Mwaka 1895 Japani ikaishinda China. Serikali ikatafuta mageuzi, na mwaka 1905 ikafuta ile mitihani. Ilitaka shule za kisasa, na kwa hilo ilikuwa na haki. Lakini ilikata kamba iliyofunga familia za wasomi mikoani na kiti cha Beijing. Mapinduzi yalizuka mwaka 1911, na mtoto Puyi, kaizari wa mwisho, akajiuzulu Februari 1912.

Kilichofuata ni kuvunjika tena: mabwana wa vita, uvamizi wa Japani wa mwaka 1937, vita ya wenyewe kwa wenyewe, hadi Mao Zedong alipotangaza Jamhuri ya Watu tarehe 1 Oktoba 1949. Tusiruke njaa ya 1959–1961, iliyoua makumi ya mamilioni ya watu kwa sababu ya sera mbaya, wala Mapinduzi ya Utamaduni ya 1966–1976. Reli ya TAZARA, kati ya Tanzania na Zambia, ilijengwa kwa msaada wa China katikati ya kipindi hicho, 1970–1975, wakati China yenyewe ilikuwa maskini. Mageuzi ya uchumi ya Deng Xiaoping yalianza mwishoni mwa 1978.

Kwa kazi ya vikundi, napendekeza tusigawane koo za wafalme. Kikundi cha kwanza kichukue miaka ya 221 hadi 202 K.K., cha pili kichukue Sui na Tang ya mwanzo, cha tatu kichukue 1905 hadi 1949. Kila kikundi kijibu: nani aliyekuwa akitoza kodi, nani aliyekuwa akiandika kumbukumbu, na nafaka ya mji mkuu ilikuwa ikitoka wapi. Kikundi cha tatu kitapata shida zaidi, kwa sababu wale waliofaulu mtihani wa zamani walikuwa bado hai, na wengi wao walikuwa wakitafuta kazi mpya.