Je, Vyombo vya Bei Kubwa Hufanya Pombe Kuwa Nzuri?

(Mazungumzo mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani, Kongowe)



Nimeombwa niseme machache juu ya elimu na maisha ya nyumbani. Nitasema juu ya pombe. Wanafunzi, msicheke, hili ni somo la kemia, si mwaliko.

Wenzangu mnakumbuka kwamba ada yangu hapa ilitoka katika mbege ya mama. Alihamia Kongowe kutoka Uchagani, na vyombo vyake vilikuwa sufuria, pipa la mti na chujio. Alichemsha ndizi mbivu, akaziacha siku kadhaa zichachuke, akachuja, kisha akatia uji wa kimea cha ulezi.

Mwaka 2019 mimi, mtumishi wa Serikali mwenye shahada, nilitaka kumzidi. Nilinunua vyombo kutoka ng'ambo: pipa la chuma kisichoshika kutu, bomba lake, na hidromita. Fedha hiyo ilikuwa ada ya binti yangu. Nilidhani nitairudisha upesi kwa mauzo. Pipa la kwanza likawa siki. La pili vilevile. Binti akarudishwa nyumbani.

Mama alikuja, akalifungua lile bomba. Ndani mlikuwa na masalia ya ndizi.

"Baba, hapa unapaoshaje?"

Sikuwa na jibu. Pipa lake mkono huingia mpaka chini, na kila mara hulimwagia maji yanayochemka.

Ndugu zangu, hamira hula sukari ikatoa kileo. Vijidudu vya siki hukigeuza kileo hicho kuwa asidi vikipata hewa, na joto letu la Pwani huvipa nguvu. Havijali bei ya pipa.

Basi, tununue nini? Ndoo yenye mfuniko unaobana, kipimajoto, na hidromita, maana huonyesha sukari inavyopungua. Hivyo havifilisi mtu. Pipa la chuma linamfaa mwenye leseni, wateja wa kila wiki, na mazoea ya kusafisha. Anayeanza anunue kwanza mazoea hayo, nayo hayauzwi dukani.

Binti yangu alirudi shule baada ya wiki tatu. Ada yake aliilipa bibi yake, kwa mbege ileile iliyonisomesha mimi.